Kozi wa Taita anakaa wapi hapa Taita? (tunachora ukuta wa shule)

mwl_wundanyi ameuliza:

Wandugu, habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Wundanyi na ndiye mlezi wa kilabu cha mazingira. Mwalimu mkuu ametuachia ukuta mzima wa nyuma ya darasa la sita, na watoto wamekubaliana tuchore ramani ya Taita yenye kila kitu kinachoitwa Taita: ndege, maua, vyura, vipepeo, vilima, hata hoteli. Nikasema haya, twende kazi.

Kazi imekwama kabla hata rangi hazijafunguliwa. Majina nimeyatoa kwenye simu na kwenye kitabu cha ndege nilichoazima. Kuna mkesha wa Taita, kozi wa Taita (yule ndege mwindaji), mbwigu wa Taita, kuna apalisi, kuna yule ndege mdogo wa kijani-manjano mwenye duara jeupe machoni, kuna ua la zambarau. Nilipofungua ukurasa wa kozi, ramani yake imepakwa rangi huko Zimbabwe na Afrika Kusini, na kwetu ni kama hakuna kitu. Msichana wa darasa la tano akaangalia ile ramani akaniuliza, "Mwalimu, kama ni wa Taita, mbona amehama?" Nimemwambia atapata jibu Jumatatu.

Pia simu nikiiuliza "Taita Hills" inanipeleka kwenye hoteli kule nyanda za chini, kwenye ndovu na vumbi. Mimi ninaishi kwenye vilima vyenyewe na simu haitaki kukubali! Tuichore hiyo hoteli au tuiache?

Nani anajua kipi ni chetu kwa kweli na kipi ni jina tu?

---

mtembezi_ngangao amejibu:

Mwalimu, shikamoo ya mbali. Mimi naongoza wageni wa ndege kwenye misitu ya huku juu, kwa hiyo hili swali naulizwa na watu waliosafiri kwa ndege ya chuma usiku kucha. Wanashuka kwenye gari, wanaangalia jabali, wananiuliza yuko wapi kozi.

Mwambie binti kwamba kozi hakuhama. Mwaka 1895 Wajerumani wawili, Reichenow na Neumann, waliandika maelezo rasmi ya ndege huyo kwa kielelezo kilichotoka "Teita", kama walivyopaandika wakati ule. Ndege aliyefika mezani kwao alitoka huku, basi jina likabaki. Baadaye ndipo watu wakaanza kumkuta kwingine, na kule kwingine wakamkuta mara nyingi kuliko huku. Ukitaka kumwona leo, watu wanaenda kwenye magenge ya mto Zambezi chini ya maporomoko ya Victoria, ama kwenye miinuko ya kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini. Anapatikana kidogo kidogo kuanzia Ethiopia hadi huko kusini, na kila mahali ni adimu. Anataka jabali refu lililosimama wima. Mimi mwenyewe sijawahi kumwonyesha mgeni kozi huyo hapa Dawida, kwenye safu hii ya vilima vyetu, na anayekuahidi kwamba atakuonyesha, usimlipe kabla.

Mbwigu naye ni kisa kingine. Huyo yupo kweli kaunti hii, ila usimtafute Wundanyi. Shuka hadi Mwatate, chukua barabara ya Maktau, utamkuta amekaa juu ya mti wa miiba au kwenye waya anaangalia chini kama askari wa zamu. Ni ndege wa nyika kavu, na ukoo wake unaendelea kaskazini hadi Somalia na Ethiopia. Sasa angalieni vizuri msije mkamchora ndege mwingine: huku juu mashambani kuna mbwigu wa kawaida ambaye watoto wanamwona kila siku. Wa kawaida ana mgongo mweusi wenye mistari miwili mieupe mabegani, na mkia mrefu. Wa Taita ana kofia nyeusi hadi shingoni, lakini mgongo ni wa kijivu. Ukikosea mgongo, umemchora wa kawaida ukamwandikia jina la mwenzake.

Sasa tuje kwa wenyewe. Hapa ndipo napenda.

Mkesha wa Taita ni wetu tupu. Yuko msitu wa Mbololo, yuko Ngangao, na Chawia wamebaki wachache sana. Dunia nzima hana kwingine. Alielezwa mwaka 1913 na Mearns, na kwa jina la kisayansi akapewa heshima ya Edmund Heller. Wote wawili, Mearns na Heller, walikuwa kwenye ule msafara wa Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, wa mwaka 1909 uliozunguka Kenya ukipiga wanyama kwa ajili ya makumbusho. Huyu ndege humwoni, unamsikia. Unasimama kimya kwenye kivuli, na chini ya kichaka majani makavu yanaanza kuchakarika, chakara, kimya, chakara tena, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Anageuza jani moja moja kwa mdomo. Ukisogeza mguu tu, ameshapita nyuma ya shina na hutamwona tena siku hiyo.

Apalisi wa Taita pia ni wetu, na hali yake ndiyo mbaya kabisa. Kadogo, mkia mrefu, koo na kifua cheusi, tumbo jeupe, jicho jeupe linalokutazama kana kwamba umemkosea. Anapenda pale mti mkubwa ulipoanguka na mitambaazi ikajazana. Vuria na Ngangao ndiko ninakomtafuta. Aliandikwa na Moreau mwaka 1938. Yule mwenye duara la macho yuko misitu hii hii, na kuna kundi jingine kule Kasigau, kilima kilichosimama peke yake nyikani.

Hapo mwalimu utaona kwamba "wa Taita" watano wana anwani za aina tatu. Watatu wanakaa juu msituni, mmoja yuko chini nyikani, mmoja yuko Zambezi.

Hoteli ichoreni, kwa nini isiwe? Lakini ichoreni mahali ilipo, chini kwenye nyanda, na vilima mvichore vilipo. Mgeni amewahi kunipigia simu akiwa pale hotelini asubuhi na mapema, darubini shingoni, akiuliza msitu wa apalisi uko upande gani. Nikamwambia geuka nyuma, inua macho, ni ule ukungu.

---

kijana_wa_voi amejibu:

Mimi siafikiani na mzee hapo juu. Jina ni letu! Kozi anaitwa wa Taita kwenye vitabu vya dunia nzima, halafu sisi wenyewe tumfute ukutani? Wazimbabwe wana maporomoko, wana kila kitu, wasituchukulie na kozi. Mwalimu weka kozi juu kabisa ya Vuria, mabawa wazi.

Halafu umewasahau vyura. Watoto wanapenda vyura.

---

mtembezi_ngangao amejibu:

Kijana, sijasema afutwe. Lakini ukimweka juu ya Vuria, mtoto ataenda Vuria kumtafuta, na Vuria ni mita 2,208 za kupanda. Mchoreni nje ya ramani, pembeni kabisa upande wa kusini, na uzi mwekundu uvutwe kutoka kwake hadi Taita uandikwe 1895. Hapo jina limebaki letu na hakuna aliyedanganywa.

Kwa vyura umenena vyema. Kuna mmoja wa ngozi yenye vinundu anayeitwa *Callulina dawida*, alielezwa mwaka 2009. Hapo jina ni Dawida, si Taita, na hiyo ni sahihi zaidi, maana Dawida ndiyo safu hii yetu, mbali na Sagalla na Kasigau. Mwalimu, ukiwa unatafuta majina kwenye mtandao usiandike "Taita" peke yake. Jaribu "teita", "teitensis", "taitana", "dawida", "sagalla". Wazungu wa zamani kila mmoja aliandika alivyosikia, na tahajia ya kwanza haibadilishwi kwenye jina la kisayansi. Nusu ya vitu vyetu vimejificha kwenye hiyo "Tei".

Halafu kuna yule ambaye watu wakilima wanamkatakata kwa jembe wakidhani ni mnyoo mkubwa au nyoka mchanga. Hana miguu, ana pingili, anakaa udongoni, lakini ni jamaa ya vyura. Tuna wawili. Wa Dawida, *Boulengerula taitana*, ni mweusi wa kuelekea buluu. Wa Sagalla, *Boulengerula niedeni*, ni wa rangi ya udongo, alielezwa mwaka 2005, na hakuna mahali pengine duniani anapojulikana isipokuwa kilima kile kimoja cha Sagalla, hapo juu ya mji wako wa Voi, kijana! Unapiga kelele za kozi wa Zambezi na huyu unampita na matatu kila siku.

Waambie watoto pia hili: mama wa yule wa Dawida huwalisha watoto wake ngozi yake mwenyewe. Ngozi ya juu inanenepa inajaa mafuta, na watoto wana meno maalumu ya kuibambua. Wanasayansi walilitangaza mwaka 2006 na lilizunguka dunia nzima. Hakuna mtoto atakayesahau ukuta wenye picha hiyo.

---

bint_wete amejibu:

Assalaam alaykum. Nimecheka sana, mwalimu, maana huku kwetu Pemba hatuna tabu hiyo. Bahari imetuwekea ua pande zote. Ndege aliyepewa jina la Pemba basi ni wa Pemba na visiwa vyake vidogo, hana kwa kwenda.

Tunao wanne: bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, ninga wa Pemba, na yule yule mwenye duara la macho kama wenu lakini wa kwetu. Chozi hana makuu, utamkuta hata uani kwenye maua ya jirani, na Misali pia yupo. Bundi ndiye wa kumngojea magharibi ikishaingia, msitu wa Ngezi au kwenye mikarafuu mikubwa: anatoa mlio mmoja, ananyamaza, na mwenzake anajibu kutoka mbali. Mnyama ni popo wa Pemba, mkubwa, uso kama wa mbweha, kifua cha rangi ya kutu. Nendeni Kidike mkamwone amening'inia mchana, wengi kwa wengi kwenye miti mirefu. Na mmea ni mpapindi, mti jamii ya mnazi na mpopoo, shina jembamba lenye pete, unaota Ngezi. Hata jina lake la kitaalamu limebeba Pemba.

Tabu yetu sisi ni nyingine. Ukiandika Pemba kwenye simu unaletewa mji wa Pemba wa Msumbiji, ule ulioitwa Porto Amélia zamani za Wareno. Nimewahi kuona picha ya ufukwe wa kule imebandikwa kwenye tangazo la kwetu. Kwa hiyo kwenye ukuta wenu andikeni kaunti na nchi, wasije wakafikiri Taita ni hoteli.

---

mkulima_muheza amejibu:

Nami niongeze la Usambara, huku Tanzania, kwa ufupi, kwa sababu linashika kote kuwili.

Kule Amani kuna chozi anaitwa wa Amani. Alipatikana pale, akapewa jina la pale. Watu wanaotaka kumwona kwa urahisi huenda Kenya, msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi. Na bundi mdogo anayeitwa wa Sokoke, aliyefahamika kutoka msitu huo huo wa Kenya miaka ya 1960, baadaye akakutwa huku kwetu chini ya Usambara Mashariki. Yaani wa Amani yuko Sokoke na wa Sokoke yuko Amani. Hapo hapo Amani kuna chozi mwingine mwenye mgongo wa zambarau anayeitwa wa Uluguru. Mgeni akikaa na orodha yake mezani anadhani wenyeji wamebadilishana nyumba.

Ua la zambarau ulilotaja, mwalimu, lina ndugu huku. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, aliona maua haya akayapeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Wendland akayapa jina *Saintpaulia*. Wajerumani hadi leo wanayaita urujuani wa Usambara, na yanauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Wengi wanaoyamwagilia hawajui kama Usambara ni mlima. Siku hizi wataalamu wameyahamishia jenasi ya *Streptocarpus*, lakini sokoni hakuna aliyeambiwa.

---

mwl_wundanyi amejibu:

Nashukuru sana nyote. Nimewasomea watoto darasani. Uzi mwekundu wa kozi umepita kwa kura, ingawa wavulana wa nyuma walikuwa upande wa kijana_wa_voi. Yule mama wa kulisha ngozi ameshachorewa nafasi, na ni kubwa kuliko ya mkesha, sikuweza kuwazuia.

Mawili yamebaki. La kwanza, hilo ua letu la Taita linaota wapi hasa, na je, naweza kuwapeleka watoto kuchuma moja la kuchorea? La pili, mzee mmoja wa kamati ya shule anasema tusiweke misitu ya fighi kwenye ramani. Hakueleza zaidi. Mnaonaje?

---

mtembezi_ngangao amejibu:

Mwalimu, nianze na mzee. Msikilize. Fighi ni misitu ya wazee, mahali pa tambiko na ulinzi wa nchi, na kukata mti au kuingia ovyo kulikuwa na adhabu. Vipande kadhaa vya miti ya asili ambavyo unaviona leo vimesimama katikati ya mashamba na mikaratusi vimesalia kwa sababu ya hiyo hofu. Hakuna mzungu aliyevipa majina kwenye kitabu, na vina ndege kuliko pahali pengine penye kibao cha serikali. Lakini si vya kuelekeza kila mpita njia. Pakeni rangi ya kijani tu pale, bila maandishi. Mtoto wa hapa atajua, na asiyejua hahitaji.

Ua sasa. *Saintpaulia teitensis* lilielezwa mwaka 1958 na Burtt, na linaota Mbololo. Si Ngangao, si Vuria, ni Mbololo, ng'ambo ya bonde la Paranga. Linashika mwamba penye kivuli na unyevu, pale ambapo jua halifiki moja kwa moja. Majani yake ni mazito yenye vinyweleo, mvua ikipita matone yanakaa juu ya hivyo vinyweleo bila kulowesha jani lenyewe. Maua ni madogo kuliko ya kwenye vyungu vya Ulaya, ya zambarau, na katikati kuna vijiti viwili vya manjano vya chavua.

Kuchuma hapana. Nakuomba hata usiulize mara ya pili. Mmea unaoota kwenye mlima mmoja duniani, darasa likichuma moja moja, mwaka ujao darasa lingine litachora mwamba mtupu. Piga picha kwa simu, kwanza bila mwanga wa kamera maana unaunguza rangi ionekane buluu, halafu piga jani kwa karibu na kitu cha kupimia pembeni, kalamu inatosha. Kabla ya kwenda, pitieni kwa maafisa wa misitu na watu wa kikundi cha msitu wa pale, wawape mtu wa kuwatangulia. Njia inateleza na watoto wa darasa la tano hawashuki taratibu.

Kama gari la kwenda Mbololo ni shida, njooni Ngangao kwanza. Ni msitu mdogo, kama hekta 120, mnaweza kuuzunguka asubuhi moja na watoto wakarudi kwa chakula cha mchana. Njooni mapema, na waje na masweta. Nitawapeleka kwenye kichaka cha mkesha kwa vikundi vya watoto wanne wanne, zaidi ya hapo hatatoka.

Na rangi: kabla hamjamaliza mkesha, mdomo na duara la jicho ni rangi ya chungwa, si manjano. Kichwa na kifua ni cheusi. Ubavuni kuna wekundu wa kutu, na tumbo katikati ni jeupe. Kwenye picha nyingi za simu ule wekundu unapotea kwa sababu ya kivuli, kwa hiyo msinakili picha, nakilini maneno haya.

---

kijana_wa_voi amejibu:

Sawa mzee, umenishinda kwa yule wa Sagalla. Mwalimu, mkihitaji rangi ya udongo niambieni. Shamba la nyanya yangu liko Sagalla, jembe likimgusa mmoja bila kumkata nitampiga picha niwatumie, kisha nimrudishe chini.